Anayesimama Juu Yako Kisimani

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Toeni hiyo simu sikioni. Mimi sikusoma sana. Herufi nilifundishwa gumbaru, hapo Nawoitorong, Lodwar, nikiwa tayari na wajukuu. Tulikaa wanawake wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Kwa hiyo msitafute hapa maneno ya wasomi. Nimeandika niliyoyaona kwa macho haya, na nimeyaandika kwa Kiswahili ili asiyejua Kiturkana asije akasema hakuambiwa.

Nimeona mambo makubwa kuliko umri wangu. Nilizaliwa upande wa Lokitaung, kwenye mbuzi. Siku hizo mtu akisafiri kwenda Kitale tulisema amekwenda Kenya, kana kwamba sisi tulikuwa ng'ambo ya dunia. Lodwar yenyewe ilikuwa maduka machache na vumbi. Leo ina nyumba za vioo ambazo jua likizipiga huwezi kuzitazama. Barabara ya kwenda Kakuma ilikuwa ikitumaliza siku nzima juu ya lori, na lori likizama mchangani tulilala hapo hapo. Sasa ni lami nyeusi iliyonyooka mpaka inakutana na mbingu. Jioni mbuzi wanalala juu yake kwa sababu inatunza joto. Mara ya kwanza kuiona niliinama nikaigusa kwa kiganja. Mkwe wangu, mke wa marehemu mwanangu, alicheka mpaka akashika mbavu. Nikamwambia, cheka, lakini na wewe iguse. Akaigusa. Hakuondoa mkono upesi.

Na Kakuma! Nilihamia Kakuma na mkwe wangu kwa sababu ya kuni. Watu waliokimbia vita walikuwa wameshafika, wa Sudan, wa Somalia, halafu wa Kongo na Burundi, na kila mmoja alihitaji kupika. Nilipanda kilima kidogo nyuma ya mji nikaona mabati yakimetameta mpaka jicho likachoka. Mji ulikuwa umeota kama uyoga baada ya mvua, ila mvua yenyewe haikunyesha. Nilisimama pale na mzigo kichwani nikasahau kuutua. Niliwaza: hawa wote wana mama zao. Wote hawa kuna mtu aliwabeba mgongoni.

Mwanamke mmoja Mkongo alikuja kwangu na unga wa msaada ndani ya kitambaa, anataka kuni. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yetu: wao walipewa chakula kibichi, sisi tulikuwa na moto.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok, koko," akajibu. Koko kwao ni nyanya, sisi tunasema ata. Aliugeuza mzigo wangu, akachomwa kidole, akakinyonya. "Hii kuni iko na miiba kuliko batoto yangu."

Nilimpenda hapo hapo, lakini sikumwonyesha. Nilimwambia kama anataka kuni zisizo na miiba arudi kwao akazilete. Alicheka. Alikuwa na watoto watatu, na mume ambaye walipotezana njiani, hajui kama yuko hai. Hayo aliyasema mara moja tu, siku moja, na sikumuuliza tena.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Bomba la upande wao lilitoa maji saa moja kwa siku, kisha likawa linatoa hewa tupu, linakohoa kama mzee. Mkongo akaja mtoni.

Mto wetu, Tarach, ni mchanga karibu mwaka mzima. Mgeni anaweza kuuvuka bila kujua kwamba amevuka mto. Halafu siku moja, jua likiwaka, bila wingu hata moja juu, unasikia ngurumo, na maji yanakuja yamesimama kama ukuta, yamebeba miti na mizoga, kwa sababu mvua imenyesha mbali milimani. Nimeyaona maisha yangu yote na bado nayaogopa. Yakipita, yanajificha chini ya mchanga. Sisi wanawake tunayafuata huko. Tunachimba.

Kwetu maji ya kunywa hayanyimwi mtu. Hata adui akifika kisimani ana kiu, atakunywa, kisha mtakwenda kupigana mbele. Lakini kunywa ni kwa siku moja. Anayetaka kurudi kesho na mtungi lazima ashike karai achimbe, kwa sababu wakati wa kiangazi maji yanakimbia chini kila siku na kisima kinayafuata. Hatuulizi mtu ametoka wapi. Tunauliza umechimba.

Mkongo alisimama akatazama kisima chetu. Kilikuwa kimekwenda chini watu watatu wakisimamiana mabegani. Alitikisa kichwa.

"Koko, hii ni kaburi yenye maji."

"Usiposhuka haitakuzika," nikamwambia.

"Baba yangu alikuwa anachimba dhahabu. Shimo ilimkula. Kwetu shimo tunaifunga na miti ndani, ukuta isimwagike. Nyinyi munashuka hivi hivi tu, mukimwomba Mungu?"

Nikamwambia ndiyo, tunashuka hivi hivi, na nyanya zetu walishuka hivi hivi. Lakini usiku ule niliwahesabu kichwani niliowajua waliofunikwa na mchanga, nikafika wa nne nikaacha. Asubuhi nilimwambia hatuna mbao. Akasema hata fito zinaweza. Fito tunazo. Mathenge imejaa kando ya mto, mti ambao nao haukuzaliwa hapa, na kusuka ninakujua. Vikapu vyangu vya mkoma vimesafiri kuliko mimi.

Basi tukasuka kikapu kisicho na kitako. Fito nene zimesimama, nyembamba zinapita katikati, mimi nikisuka na yeye akinikosoa. Urefu wake ulikuwa wa mtu na nusu, na upana mtu akinyoosha mikono anagusa pande zote mbili. Tulikizamisha kisimani, yeye akichimba ndani yake na sisi tukikikanyaga kwa juu, kikashuka kidogo kidogo. Watu walikuja kuangalia. Mzee mmoja aliuliza kama tunataka kufuga samaki. Kikapu kilipokaa mahali pake, fito nyembamba zikawa zimekwisha. Zile nene tuliziacha zimesimama juu ya msuko, ncha zake wazi, tukisema tutaendelea zikipatikana nyingine. Sehemu ya juu ya kisima ikabaki mchanga mtupu kama zamani.

Niwaambie sheria ya kisima, maana nyinyi mlizaliwa kwenye mabomba. Mmoja anakaa chini kabisa anachota. Anampa karai anayesimama kwenye ngazi iliyokatwa ukutani, huyo anampa wa ngazi ya juu, na wa juu anampa anayekaa mdomoni. Hakuna kupiga kelele mdomoni. Hakuna mnyama kukaribia. Mwenye hasira anakwenda kukaa mbali mpaka hasira iishe, hata kama ni mwenye kisima. Na anayesimama juu yako ndiye pumzi yako. Haondoki mpaka wewe utoke. Hii haisemwi mara mbili. Msichana anaambiwa mara moja, siku ya kwanza, na anazeeka nayo.

Mkongo ndiye aliyekuwa akikaa chini kabisa. Alisema hamwamini mtu mwingine na ile miti. Juu yake alisimama mkwe wangu. Mimi nilikaa mdomoni, kwa sababu ya magoti.

Sasa nimtaje mjukuu wangu, mtoto wa huyo mkwe, mwanamume mzima. Alisoma shule ya bweni, na visima hakuvijua. Palipochimbwa mafuta Lokichar alipata kazi ya kulinda geti la kontrakta mmoja. Alivaa buti. Alituletea redio. Kisha kazi ikasimama, magari yakaondoka, geti likabaki halina kitu cha kulinda. Akaenda Lodwar kutafuta kingine. Alizunguka ofisi mwaka mzima akiwa na karatasi zake ndani ya bahasha, na kila ofisi akiingia anamkuta mtu aliyetoka mbali amekaa kwenye kiti.

Huko Lodwar alikutana na kikundi. Jina lao silitaji, kwa sababu jina ukilitaja unalilisha. Walikuwa na fulana na salamu yao ya mkono. Walisema wageni wamekula nchi: watu wa chini, wale wa kutoka upande wa Kitale, wamechukua kazi, wakimbizi wamechukua kuni, chakula na maji, na sasa tunaambiwa kambi itageuzwa mji, wapewe na vyeti. Sitawadanganya wajukuu. Ndani ya maneno yao kulikuwa na ukweli. Miti ilikwisha kweli. Nimelala njaa upande huu wa waya wa kambi nikinusa maharagwe ya upande ule, na hakuna mtu wa gari jeupe la misaada aliyeniuliza kama nimekula. Lakini chukua ukweli wa kiganja kimoja, utie ndani ya mtungi wa sumu, utikise. Utakunywa?

Walikuwa wakituma sauti kwa simu. Jioni moja mkwe wangu alikuja na yake akaifungulia karibu na sikio langu.

"Wasee, hii mto ni yetu," sauti ilisema. "Babu zetu waliifia. Tusipojisimamia leo, kesho tutakuwa wageni kwetu. Hao wamekuja na mabegi, waondoke na mabegi. Tunaanza na visima vya Kakuma. Mgeni akipatikana kisimani, kisima kifungwe. Na mwenye kisima ajue tunamjua."

Alikuwa yeye, mjukuu wangu. Mnajua kitu gani kilinishangaza? Uzuri wa sauti ile. Ilikuwa sauti ya babu yake, mume wangu, ambaye alikuwa akiita mbuzi jioni na watu wa maboma mengine wanaacha kazi kumsikiliza. Nilidhani imekufa naye. Kumbe ilipita kwa mwanangu ikamfikia mjukuu, ikatokea ndani ya kitu kidogo kama sabuni, ikisema hayo. Mkwe wangu aliuliza, "Nimpigie?" Nikasema usipige. Hilo lilikuwa kosa langu, na ninaliandika hapa kama kosa. Nilidhani ni maneno ya hewani. Sikujua maneno ya hewani yanaweza kupanda pikipiki.

Mkongo naye aliisikia. Kambi nzima ilikuwa nayo. Aliniuliza kama asije tena.

"Umechimba?" nikamwuliza.

"Nimechimba, koko."

"Basi njoo."

Walikuja siku ya nne baada ya ile sauti, jua likiwa juu kidogo ya mikoma. Tulisikia pikipiki kwanza, nyingi, zimetoka kwenye lami zinashuka mtoni zikilia mchangani. Mkongo alikuwa chini. Mkwe wangu alikuwa juu yake. Kwenye ngazi ya juu siku ile hapakuwa na mtu, karai tulikuwa tunalivuta kwa kamba. Mimi nilikuwa mdomoni. Watu kumi na watano hivi, fulana za aina moja. Mjukuu wangu alikuwa wa nyuma nyuma, na aliponiona aliangalia chini kama mtu aliyeangusha kitu.

"Zimeni hizo," nikasema. "Na mkae chini. Kuna watu shimoni."

Mmoja mwenye kofia nyekundu ndiye aliyekuwa mkubwa wao. "Ejok, ata. Tumesikia una mgeni."

"Nina mtu shimoni. Kaa chini."

"Mtu gani? Mturkana ama mwingine?"

"Shuka ukamwulize."

Wenzake walicheka. Mmoja akasema, "Huyu shosho ameandikishwa ukimbizi. Mwangalieni kadi shingoni!" Kadi haikuwepo, ilikuwa tumbaku yangu kwenye kimfuko. Mwingine akasema, "Ata, pisha. Tunasafisha mto."

"Mnasafisha mchanga, na mikono iko mfukoni?" nikamjibu. Hata yeye alicheka. Nilidhani nimewashika. Mtu akicheka, mara nyingi anakaa.

Lakini mwenye kofia hakucheka. Alisogea ukingoni kabisa, na buti zake, kuchungulia. Wengine wakamfuata. Mtu aliyekulia kwenye mifugo hawezi kufanya kosa lile, hata mlevi, hata mwendawazimu. Kisima unakikaribia ukiwa mmoja, miguu mitupu, kwa upande wa ngazi. Wale walisimama kumi pamoja upande usio na kitu, wakipiga kelele, "Toka! Toka!", wakikanyaga kwa pamoja kama wanacheza ngoma. Mmoja alisukuma mchanga kwa mguu ili umwangukie aliye chini, kumtisha tu. Ninaamini ilikuwa kumtisha tu.

Nilisikia ukuta ukivuta pumzi. Sijui niwaelezeje. Mchanga kabla haujashuka unatoa sauti kama mtu anayeshtuka usingizini. Halafu upande wote ule ukaenda, taratibu, kama nguo inayovuliwa. Wale wa mbele walijitupa nyuma. Vumbi likapanda. Lilipotulia nikaona mkwe wangu amezikwa mpaka kiunoni, mikono iko juu. Chini yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na mchanga.

Pikipiki moja iliyokuwa bado inanguruma ilizimika yenyewe.

"Mama!" mjukuu wangu alilia. Hakujua ni mama yake aliye mle. Alimwona pale ndipo alipojua. Alikimbia, nikamshika fulana nikamwangusha kwa tumbo, kwa nguvu nisiyojua ilitoka wapi.

"Usisimame ukingoni! Tambaa!"

Alitambaa akanyoosha mkono. "Mama, shika. Shika nikuvute."

"Siwezi," mkwe wangu akasema.

"Unaweza, mguu umebanwa tu, shika!"

"Siwezi. Niko juu ya mtu."

"Mama, huyo ameshakufa! Ukuta utakuja tena!"

"Niko juu yake," akarudia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeambiwa aje kula na anajibu kwamba hajamaliza kufagia. "Chimbeni. Na wewe usinililie kichwani, unaangusha mchanga."

Wajukuu, nimeona mto ukija bila mvua. Nimeona mji ukiota mchangani. Sijaona kitu kikubwa kuliko mwanamke yule mwembamba aliyekataa mkono wa mtoto wake. Mkwe wangu si mtu wa maneno. Hajawahi kuongea kwenye mkutano. Angeweza kutoka. Hakuna ambaye angemlaumu, hata mimi. Alibaki mle ukuta ukimwagika mabegani, akaanza kuchimba kwa vidole kati ya mapaja yake.

Mwenye kofia alikuwa ameshawasha pikipiki. Wengine walimfuata. Saba walibaki, na mjukuu wangu wa nane. Niliwaambia vueni viatu, laleni kwa tumbo, mgawanyike pande zote, asikae mtu juu ya mwenzake. Wakatii kama watoto. Karai lilikuwa moja na lilifukiwa. Walivua zile fulana, wakafunga shingo na mikono, zikawa mifuko ya mchanga.

Sijui ni nani alipeleka habari ng'ambo. Wanawake walikuja wanakimbia kutoka kambini, na wa kwetu kutoka mjini, na wenye maduka wa kutoka upande wa Kitale wakiwa bado wamevaa aproni. Msururu ukaundwa kutoka kisimani mpaka kwenye kingo za mto. Mzigo ulipita mkono kwa mkono: Msomali, Mrundi, Mturkana, Mnuer, kijana wa fulana asiye na fulana. Walikuwa wanaomba kwa lugha zao, Kifaransa kidogo, Kiarabu cha Juba, kila mtu na Mungu wake, lakini neno lililokuwa likipita pamoja na mchanga lilikuwa moja tu: pokea. Pokea. Pokea. Mimi nilikuwa nimekaa mdomoni na kazi yangu ilikuwa kusikiliza ukuta. Jua lilipanda kichwani, likahama, likaanza kushuka. Hakuna aliyetoka kwenye msururu.

Mkwe wangu ndiye aliyegusa fito. Akanyoosha mkono juu, sote tukanyamaza.

Zile fito nene ambazo hatukumaliza kuzisuka, zilizosimama wazi, mchanga ulipoanguka ulizikunja kwa ndani zikakutana ncha kwa ncha, zikafunga mdomo wa kikapu kama mfuniko wa chungu. Kama tungekuwa tumemaliza kusuka, zisingekunjika. Nimelifikiria jambo hilo mpaka leo na sijalifikia mwisho wake. Mkwe wangu alichomoa fito moja, mchanga kidogo ukaingia, na kwenye tundu likatokea jicho.

"Koko," sauti ikatoka huko chini, imekwaruza. "Mumechelewa. Maji imenifika kwa shingo."

Kisha akaongeza, "Karai yenu iko hapa. Sikuiangusha."

Watu walilia wakicheka. Mimi sikulia. Nilikuwa bado nasikiliza ukuta.

Walimtoa yeye kwanza. Alipita kwenye mwili wa mkwe wangu kama anapanda mti, akikanyaga mapaja yake, kisha mabega, na mwenzake hakusogea. Alipokuwa nje kabisa, amelala mchangani, ndipo mkwe wangu aliponyoosha mkono kwa mtoto wake akasema, "Haya. Sasa nivute."

Mkongo alikaa, akasafisha macho, akamtazama yule kijana aliyekuwa anamfuta mama yake miguu.

"Ni wewe wa ile sauti?"

Mjukuu wangu aliinama zaidi kwenye ile miguu.

"Nimekujua vile ulikuwa unalia hapo juu. Niliisikia yote." Akakohoa mchanga, akautema. "Sauti yako ni mzuri sana, baba. Mungu alikupa sauti ya kanisa, wewe umeifanyia kazi ya mbwa."

Alinywa maji, akasimama, akakung'uta kitenge. Nikamwambia kesho tutarekebisha. Akatikisa kichwa.

"Aksanti, koko. Lakini mimi sirudi kwa ile shimo. Batoto yangu watakunywa nini, sijui. Lakini baba yangu alikufa shimoni, na mimi nimekufa leo mara moja. Inatosha." Akaenda zake na mtungi mtupu.

Nilimwangalia mpaka akapanda kingo. Watoto watatu walikuwa wamesimama kule juu. Nilijua kwamba asiporudi, wale wa pikipiki wamepata walichokitaka, hata kama walikimbia.

Msinitafutie mwisho mtamu. Kikundi hakikufa siku ile. Mwenye kofia bado yuko Lodwar, bado ana salamu yake ya mkono, na wale saba nasikia wawili walirudi kwake. Lakini ninaandika juu ya nyumba yangu, kwa maana nyumba ndiyo ninayoiweza.

Jua lilipokuwa linazama tulikaa nje ya boma. Mkwe wangu alikuwa na miguu imevimba, ameiweka ndani ya beseni. Mjukuu wangu alikaa karibu na ua wa miiba, mgongo wazi, kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Alianza kusema, "Ata, mimi sikujua..." Nikamwambia nyamaza, sauti yako tumeisikia ya kutosha. Aliuliza kama aondoke. Mama yake alinitazama. Hakumwombea wala hakunikataza. Niliweka tumbaku mdomoni, nikaitafuna mpaka ikalainika, kisha nikasema, na nilisema mara moja:

"Hakuna anayeondoka. Kesho alfajiri kisima kinachimbwa upya na kikapu kinasukwa mpaka juu. Mkwe wangu, utanipeleka kwa Mkongo kabla jua halijatoka, nitamwomba mwenyewe, na nitapiga magoti haya mabovu akitaka. Simwombi ashuke. Namwomba asimame kwenye ngazi. Na wewe utashuka chini kabisa, utachota, na maji ya kwanza ni ya watoto wake. Huyo Mkongo ndiye atakayesimama juu yako. Akikataa, shuka hivyo hivyo, chota, usubiri siku atakayokubali."